Annie Moore: Aliyeshuka wa Kwanza, Akazikwa Bila Jina

Ndugu msomaji, makala haya yalianzia kaburini. Tulipokuwa tukijiandaa kumjengea marehemu nyanya yangu kaburi la saruji, fundi alituuliza swali dogo tu: aandike mwaka gani wa kuzaliwa? Tukakitoa kitambulisho cha marehemu. Kitambulisho kilisema kwamba alizaliwa tarehe 1 Januari. Shangazi yangu alicheka, kisha akalia. Nyanya hakuzaliwa Januari. Alizaliwa wakati wa mavuno, katika mwaka ambao wazee waliupa jina la nzige. Tarehe ile ilitungwa na karani mmoja wa zamani aliyechoka kuuliza, naye nyanya, ambaye hakujua kusoma, aliipokea karatasi yake akaenda zake. Jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Tulibishana siku nzima. Mjomba alitaka tuandike kama ilivyo kwenye kitambulisho, kwani hiyo ndiyo serikali inayoijua. Shangazi akasema kwamba serikali haikumzaa mama yake. Mimi sikuwa na la kusema. Lakini usiku ule nilimkumbuka msichana mmoja wa Ireland ambaye naye alipewa tarehe 1 Januari isiyokuwa yake, akawa mashuhuri duniani kwa siku moja, kisha akasahauliwa hata mtu mwingine akaheshimiwa mahali pake kwa miaka mingi. Msichana huyo ni Annie Moore. Leo nataka nikusimulie habari zake, kwa maana ndani yake mna funzo kwa kila mtu aliyewahi kuuliza babu zake walitoka wapi.

WATOTO WATATU MELINI

Annie alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1874 huko Cork, kusini mwa Ireland. Baba yake aliitwa Matthew Moore na mama yake Julia. Ireland ya siku hizo ilikuwa nchi inayomwaga watu wake baharini. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuoza viazi mashambani, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Njaa ilipokwisha watu hawakuacha kuhama. Kila aliyefika Marekani alimtumia nduguye nauli, naye nduguye akamtumia mwingine, hata ikawa kama kamba isiyokatika. Nyumba nyingi za maskini ziliishi kwa kungoja barua yenye pesa kutoka ng'ambo.

Nyumba ya kina Moore ilikuwa moja ya hizo. Matthew na Julia walitangulia kwenda New York mwaka 1888, wakapanga katika mtaa wa Monroe, upande wa kusini mwa kisiwa cha Manhattan. Annie aliachwa nyuma pamoja na wadogo zake wawili, Anthony na Philip. Fikiria, msomaji, msichana wa miaka 14 akibaki na wadogo zake, wazazi wakiwa ng'ambo ya bahari. Walingoja miaka mitatu na ushei.

Mwisho wa mwaka 1891 zamu yao ilifika. Tarehe 20 Desemba watoto hao watatu walipanda meli ya moshi iliyoitwa Nevada, mali ya kampuni ya Guion, katika bandari ya Queenstown. Bandari hiyo ilipewa jina la malkia wa Uingereza alipoizuru mwaka 1849. Baadaye Waireland walilifuta jina hilo, na leo mji huo unaitwa Cobh. Wasafiri wa Ireland waliopita bandarini hapo kati ya mwaka 1848 na 1950 ni wapatao milioni mbili na nusu. Ni wengi mno ambao hawakurudi tena kuliona gati lile.

Annie na wadogo zake walisafiri daraja la chini kabisa, lile la maskini, pamoja na abiria wenzao zaidi ya mia moja. Sikukuu ya Krismasi iliwakuta katikati ya bahari ya Atlantiki, wakati wa baridi kali na mawimbi makubwa. Baada ya siku kumi na mbili hivi, jioni ya tarehe 31 Desemba, Nevada ilitia nanga New York. Usiku ulikuwa umeingia, hivyo ikawabidi walale melini usiku mmoja zaidi, wazazi wao wakiwa karibu sana nao.

SARAFU YA DHAHABU

Sasa sikiliza jinsi bahati inavyofanya kazi. Kwa muda mrefu wahamiaji wa New York walipokewa mahali palipoitwa Castle Garden, chini ya usimamizi wa jimbo. Mwaka 1890 serikali kuu ya Marekani iliichukua kazi hiyo, ikaamua kujenga kituo kipya katika kisiwa kidogo ndani ya bandari, kisiwa cha Ellis. Siku iliyochaguliwa kukifungua ilikuwa Ijumaa, tarehe 1 Januari 1892. Na meli ya kwanza katika foleni ilikuwa Nevada.

Asubuhi hiyo abiria wa daraja la chini walipakiwa katika chombo kidogo cha kuwavusha. Wenye pesa waliosafiri madaraja ya juu walikaguliwa humo humo melini wakaenda zao. Kisiwa kile kilikuwa cha maskini. Chombo hicho kilipambwa bendera, kengele zikalia, vyombo vingine bandarini vikapiga honi. Ubao ulipowekwa, aliyeshuka wa kwanza alikuwa Annie, wadogo zake wakimfuata. Jina lake likawa la kwanza kuandikwa katika daftari la kituo kipya. Mkuu wa kituo, Kanali John Weber, alimkaribisha kwa hotuba fupi, akampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Huenda Annie hakuwa amewahi kushika pesa nyingi kiasi hicho maishani mwake.

Siku hiyo watu wapatao 700 walipita kituoni hapo. Hadi kituo kilipofungwa mwezi wa Novemba mwaka 1954, walikuwa wamepita zaidi ya milioni 12. Wote hao wanatanguliwa na msichana mmoja kutoka Cork.

Waandishi wa magazeti walikuwapo, nao hawakukosa la kutia chumvi. Waliandika kwamba Annie alikuwa na umri wa miaka 15, na kwamba siku ile ya mwaka mpya ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuzaliwa. Habari ikanoga. Kweli ni kwamba alikuwa na miaka 17 na alizaliwa Aprili. Lakini nani angemsahihisha mwandishi wa gazeti siku kama ile? Hapo ndipo nilipomwona nyanya yangu. Mmoja alipewa Januari na gazeti, mwingine na karani, na wote wawili wakanyamaza.

KARATASI ZINAVYOSEMA NA ZINAVYODANGANYA

Inafaa nikueleze kidogo juu ya orodha za abiria, kwa maana ndizo mzizi wa habari hii. Mwaka 1819 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyomtaka kila nahodha anayeingia bandari ya nchi hiyo kumkabidhi mkuu wa forodha orodha ya abiria wake: jina, umri, mume au mke, kazi yake, nchi anakotoka na nchi anakokwenda. Orodha zikaanza kuwekwa mwaka 1820. Nia haikuwa kuwasaidia wajukuu kuwatafuta mababu. Nia ilikuwa kuzuia manahodha wasijaze watu kupita kiasi, na kuwahesabu waliokufa njiani.

Watu wengi wanaamini kwamba majina ya wahamiaji yalibadilishwa na makarani wa kisiwa cha Ellis. Hiyo ni hadithi tu. Orodha iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli, mara nyingi kule kule msafiri alikopandia. Karani wa Marekani alikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa, naye akaisoma na kuuliza maswali. Kama herufi zilikosewa, zilikosewa Queenstown au Liverpool au Hamburg. Na wengi walibadilisha majina wenyewe baadaye, walipoona kwamba jina la kizungu cha Marekani linapata kazi upesi zaidi.

Umri nao haukuaminika. Annie na wadogo zake waliandikwa wadogo kuliko walivyokuwa. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, maana nauli ya mtoto ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, na wengine hawakujua miaka yao kwa hakika. Hivyo anayeitafuta nasaba yake katika karatasi hizi lazima awe kama mnunuzi wa ng'ombe sokoni: asikilize anachoambiwa, kisha amfungue ng'ombe mdomo ahesabu meno mwenyewe.

Tena kuna moto. Tarehe 15 Juni 1897 majengo ya kwanza ya kisiwa cha Ellis, yaliyokuwa ya mbao, yaliteketea usiku. Hakuna aliyekufa, lakini kumbukumbu za uhamiaji zilizowekwa humo tangu mwaka 1855 ziliungua. Bahati nzuri orodha zile za forodha zilikuwa zimewekwa mahali pengine, zikaokoka. Ndiyo maana jina la Annie lingali linasomeka hadi leo.

Huko Ireland hali ni mbaya zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za taifa mjini Dublin lililipuka na kuungua, na ndani yake zikateketea sensa za tangu mwaka 1821 hadi 1851. Sensa za miaka iliyofuata zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri za serikali yenyewe. Sensa kamili ya kwanza iliyosalia ni ya mwaka 1901. Waswahili walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni vivyo hivyo. Mireland wa Marekani anayetafuta asili yake hubaki na vitabu vya ubatizo vya makanisa, daftari za vizazi, na karatasi ya meli.

ANNIE WA TEXAS

Baada ya siku ile ya sherehe Annie alitoweka katika habari. Magazeti yakapata mambo mengine ya kuandika. Miaka ikapita, kisiwa kikafungwa, majengo yakaota kutu na magugu.

Marekani ilipoanza kuukumbuka uhamiaji wake kwa fahari, watu waliuliza: yule msichana wa kwanza aliishia wapi? Jibu lilipatikana kwa urahisi mno. Ilisemekana kwamba alikwenda magharibi, akafika Texas, akaolewa na mtu wa ukoo wa Daniel O'Connell, yule mtetezi mkuu wa haki za Waireland, na kwamba alikufa mwaka 1923 alipogongwa na tramu karibu na mji wa Fort Worth. Lo, habari tamu iliyoje! Msichana maskini anavuka bahari, anapewa dhahabu, anakwenda nchi ya mbali ya wachunga ng'ombe, anaingia katika ukoo wa shujaa wa taifa lake, kisha anakufa kifo cha ghafula. Ilikuwa kama sinema, na Marekani inapenda sinema.

Habari hiyo ikaingia vitabuni. Jamaa wa huyo Annie wa Texas walialikwa katika sherehe. Mwaka 1993 mchongaji Jeanne Rynhart alitengeneza sanamu mbili za shaba: moja ikawekwa Cobh, Annie akiwa na wadogo zake wawili, ikazinduliwa na Rais wa Ireland wa wakati huo, Bi Mary Robinson, nyingine ikawekwa kisiwani Ellis, Annie akiwa peke yake. Sanamu zilikuwa za msichana wa kweli. Lakini ukoo ulioheshimiwa kwa ajili yake haukuwa wake.

Sitaki msomaji adhani kwamba jamaa wa Texas walikuwa matapeli. Bibi wao aliitwa kweli Annie Moore. Familia ilikuwa na masimulizi yake, nao waliyaamini. Sisi sote tunajua jinsi masimulizi ya nyumbani yanavyokua: mtoto husikia nusu, hujaza nusu, na kizazi cha tatu huapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kosa lilikuwa la wale wenye kazi ya kuhakikisha, ambao hawakuhakikisha.

DOLA ELFU MOJA

Aliyegundua kosa ni mtafiti wa nasaba, Bi Megan Smolenyak. Alikuwa akitafuta habari za Annie kwa ajili ya filamu juu ya wahamiaji, akafanya jambo ambalo lingefanywa na yeyote mwenye subira: alimtafuta Annie wa Texas katika sensa. Huko akakuta kwamba sensa moja baada ya nyingine inasema mama huyo alizaliwa Illinois. Mtu aliyezaliwa Illinois, ndani ya Marekani yenyewe, hakuwa na sababu ya kushuka kutoka meli ya wahamiaji wa Ireland.

Basi Annie wa kweli alikuwa nani? Mwaka 2006 Bi Smolenyak alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta ushahidi. Alisaidiwa na Brian Andersson, aliyekuwa mkuu wa kumbukumbu za jiji la New York. Na hapa, msomaji, ndipo penye ujanja wa kazi hii.

Kumtafuta mwanamke katika karatasi za zamani ni kazi ngumu. Anapoolewa jina lake hubadilika. Tena kwa sheria ya Marekani ya siku hizo uraia wa mke ulifuata wa mumewe, hata ukabadilishwa mwaka 1922, kwa hiyo wanawake wengi hawakuwa na cheti chao wenyewe. Na Moore ni jina la watu wengi mno. Hata kile chombo kilichomvusha Annie siku ile kiliitwa John E. Moore, bila uhusiano wowote naye. Je, katika New York ungewapata kina Annie Moore wangapi?

Watafiti wakamwacha Annie, wakamfuata mdogo wake. Mwanamume habadili jina. Anaomba uraia kwa jina lake, anahesabiwa katika sensa kwa jina hilo hilo, anazikwa nalo. Karatasi za uraia za Philip Moore zikapatikana. Kutoka kwake wakashuka hadi kwa watoto wake, na kutoka kwa watoto hadi kwa jamaa walio hai, ambao walikuwa na kumbukumbu ya shangazi wa zamani aliyeshuka wa kwanza. Katika muda wa wiki chache tu, jambo lililokuwa limekosewa kwa miaka mingi likawekwa sawa. Matokeo yalitangazwa mjini New York mwezi wa Septemba mwaka 2006.

MAISHA YALIYOKUWA KWELI

Na kweli yenyewe haikuwa sinema. Annie Moore hakwenda Texas. Hakwenda popote. Kutoka kisiwani Ellis alikwenda kwa wazazi wake katika mtaa wa Monroe, na maisha yake yote yaliyobakia aliyamaliza katika mitaa michache ya upande ule ule wa Manhattan, mahali ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho wa maisha yake kabla ya chai kupoa.

Mitaa hiyo ilikuwa ya vyumba vya kupanga vilivyosongamana, ghorofa juu ya ghorofa, familia nzima katika chumba kimoja au viwili, giza ndani na uvundo nje. Kifua kikuu kilikuwa jirani wa kila mlango.

Mwaka 1895 aliolewa na Joseph Augustus Schayer, kijana ambaye wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, naye akifanya kazi ya kuuza samaki katika soko la Fulton. Kwa hiyo jina la Moore likazama, likaja la Schayer, na hilo ndilo lililomficha machoni mwa dunia. Annie alizaa watoto kumi na mmoja. Watano tu ndio waliofikia utu uzima.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa maana yake. Nyanya yangu naye alizika watoto, na hakuna siku aliyotutajia idadi. Mama hukaa na makaburi hayo moyoni akiendelea kupika, kufua na kuchota maji. Sarafu ya dola 10 haikumlinda Annie na jambo hilo. Haikujulikana hata sarafu yenyewe ilikwenda wapi. Nadhani ilikwenda panapokwenda pesa za maskini, kwenye kodi ya nyumba na mkate.

Alifariki tarehe 6 Desemba 1924, moyo ulipomshindwa, akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa katika makaburi ya Calvary, Queens, pamoja na watoto wake sita, ndani ya kaburi lisilo na jiwe wala jina. Mwaka ule ule wa 1924 Marekani ilipitisha sheria kali iliyofunga mlango kwa wahamiaji wengi. Aliyeufungua mlango wa kisiwa kile aliondoka duniani ulipokuwa ukifungwa.

Kwa hiyo tazama, msomaji. Wakati viongozi wakizindua sanamu, na watu wakipiga picha mbele ya shaba inayong'aa, mwenye sura ile alikuwa amelala umbali mfupi kutoka hapo, bila hata kipande cha ubao chenye jina lake. Wajukuu na vitukuu wake walikuwa wakipita katika mji ule ule. Wengine wao leo wana damu ya Kiitalia, wengine ya Kiyahudi, wengine ya nchi za Skandinavia, wengine ya Jamhuri ya Dominika, kama ilivyo desturi ya New York.

Tarehe 11 Oktoba 2008 jamaa na wapenzi wa historia walikusanyika Calvary kuweka jiwe juu ya kaburi lake. Jiwe hilo ni la chokaa ya bluu, nalo lilisafirishwa kutoka Ireland. Lilivuka bahari ile ile aliyoivuka yeye.

JAMBO LINALOTUHUSU SISI

Huenda msomaji wa Siaya au Kisumu anauliza, haya yote yanatuhusu nini? Ngoja nikupe jambo moja dogo. Bi Smolenyak huyo huyo, katika mwaka 2007, aliifuatilia nasaba ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa huku kwetu Nyanza. Upande wa baba tuliujua. Huku kwetu watu walikuwa wakiutaja kuanzia Kogelo kurudi nyuma, jina kwa jina, bila karatasi. Ni upande wa mama uliohitaji karatasi za meli.

Ikaonekana kwamba mwezi wa Machi mwaka 1850 meli iitwayo Marmion ilifika New York kutoka Liverpool, na ndani yake alikuwamo kijana wa miaka 19, jina lake Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu kutoka kijiji cha Moneygall, katikati ya Ireland. Alikuwa akiikimbia njaa ile ile niliyoitaja. Alikwenda Ohio kwa jamaa zake, kisha akahamia Indiana, akawa mkulima. Huyo Kearney ndiye babu wa babu wa mama yake Obama. Daftari za kanisa la Anglikana la huko zikathibitisha ukoo wake, na mwezi wa Mei mwaka 2011 Obama, akiwa Rais wa Marekani, alikwenda mwenyewe Moneygall.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Mtu mmoja, pande mbili. Upande mmoja ulihifadhiwa kwa ulimi wa wazee, mwingine kwa wino wa karani wa forodha. Ulimi husahau, wino huungua. Asiyekuwa na kimoja hushukuru kuwa na kingine, na mwenye hekima hutunza vyote viwili.

Hapo ndipo niliporudi kwenye kaburi la nyanya. Annie Moore alinifundisha mambo mawili. La kwanza, karatasi pekee isiaminiwe, hata kama ina muhuri. La pili, masimulizi pekee yasiaminiwe, hata kama ni matamu, na hasa yakiwa matamu. Bi Smolenyak aliipata kweli kwa kuviweka vyote viwili mezani na kuvihoji mpaka vikapatana.

Basi nilifanya vivyo hivyo. Niliwaketisha mjomba na shangazi, nikawauliza: nani alizaliwa kabla ya nyanya, nani baada yake? Ndugu yake mdogo alibatizwa wapi? Nilimfuata mdogo wake, kama walivyomfuata Philip. Katika daftari la kanisa la kijiji cha jirani nikakuta ubatizo wa ndugu huyo, akiwa mtoto mchanga, na majina ya baba na mama yakiwa yameandikwa sawasawa, herufi zote zipo. Kutoka hapo mwaka wa nzige haukuwa mbali kuhesabika.

Hatukuandika tarehe 1 Januari. Tuliandika mwaka peke yake, na jina lake kwa herufi alizotamka mama yake. Mjomba alinung'unika kwamba halilingani na kitambulisho. Shangazi alipitisha kidole chake juu ya saruji, herufi baada ya herufi, akanyamaza. Kisha akaniomba niandike katika daftari majina ya wale watoto ambao nyanya aliwazika, aliowakumbuka yeye. Walikuwa wanne. Nimeyaandika, nami nimelitunza daftari hilo.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, usingoje fundi wa saruji akuulize. Keti naye jioni ya leo.